Majani ya Mti Mmoja

Guangzhou, 3 Novemba 2024

Dada Swalha,

Salamu nimekupa asubuhi kwa simu, humu sizirudii. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu bahasha hii ina fomu na vibahasha vidogo vitano, na mwenzangu Vuai anaondoka kuja huko keshokutwa na mizigo yake ya biashara. Ameniahidi atakuletea mwenyewe mpaka Donge. Tafadhali fomu usije ukaifungia bagia.

Kuna binti hapa anaitwa Kissa, Mnyakyusa wa Tukuyu, anasomea shahada ya pili ya mambo ya mimea. Utafiti wake ni makomamanga ya kienyeji. Anataka kujua kila pahala pana aina ngapi, ganda lina unene gani, punje ni ya rangi gani, tunda ni kali au tamu, kokwa gumu au laini. Halafu anachukua majani anayapima vinasaba maabara, aone kama miti hiyo kweli ni mbalimbali au ni mmoja uliopewa majina mengi. Ya huku Uchina anayo, ya Irani anayo, ya India anayo. Ya pwani yetu hana hata jani moja. Mimi nikamwambia mbele ya watu, pale tunapokula Xiaobei, kwamba mama yangu peke yake alikuwa na aina tano kwenye kiwanja kimoja. Watu wakacheka, wakasema Mzanzibari ameanza. Basi nikawatajia kwa majina aliyoipa mama: Mkali, Mweupe, Ganda Nene, Kibibi na Meno. Kissa akatoa daftari akaandika.

Kwa hiyo chuma majani machanga ya kila mti, yakaushe kivulini, kila mti na bahasha yake, usichanganye. Kisha pima matunda, yaonje, ujaze fomu. Huku komamanga wanaliuza limevishwa wavu wa plastiki, kubwa kama kichwa cha mtoto, ukilipasua unakuta maji ya sukari na kokwa laini lisilo na habari. Nilinunua moja pale Zhanxi, nikatema kwenye mfuko mbele ya mwenye mkokoteni. Akakasirika, nami nikakasirika. Nataka watu hawa wajue komamanga ni nini.

Nyumba inaendeleaje? Kila picha unayonitumia ni ya upande wa mbele.

Nduguyo,
Gharib


Donge, 12 Disemba 2024

Gharib mdogo wangu,

Vuai kaja, kala, kalala usingizi wa mchana, kaondoka. Anarudi wiki ijayo kuchukua bahasha zako, na hii barua anaikuta juu yake.

Fomu nimeijaza yote, na humu nakuandikia tena usije ukasema dada hakuelewa. Mkali una ganda jekundu na punje nyekundu iliyokoza, uchachu wake wa kukunja uso. Mweupe ganda lake jembamba la manjano, punje nyeupe, tamu tupu. Ganda Nene ni hilohilo jina lake, tunda lote ganda, punje chache, na ganda lenyewe chungu mpaka unasikia ulimi unakauka. Kibibi matunda yake madogo kama limau, unazaa mwaka mzima. Meno unaujua, kokwa zake mbichi au mbivu ni changarawe, mama alikuwa akisema huo ni wa kuwapa wageni wasiorudi. Kwenye uzito nimekadiria kwa mkono, mizani ya duka la jirani imeharibika.

Watu wanakuja kama kawaida kuomba maganda ya kuchemsha, huyu tumbo, huyu mtoto anaharisha, huyu kasikia tu. Mama kaniachia hospitali isiyo na mlango. Nawapa. Sijamrudisha mtu.

Usinitume tena kazi ya majani. Mie na hiyo miti tumechoshana.

Nyumba ni nzima.

Dada yako,
Swalha


Guangzhou, 9 Machi 2025

Dada Swalha,

Wiki hii kuta za chumba changu zinatoka jasho, viatu vimeota ukungu, shati nililofua Jumatatu bado linanuka mbwa. Lakini kilichonichefua si hicho.

Kissa aliniita chuoni. Alinikalisha kwenye kiti kama mtu anayepewa habari ya msiba, akanionyesha karatasi ya mistari ya vinasaba. Kila komamanga lina mistari yake, akaniambia, ya Irani hii, ya Yunnan hii. Halafu akaniwekea tano za Donge. Mistari ileile, Swalha. Tano zote. Hata mimi ninayesoma bei tu za midoli madukani Yide Lu niliona. Akaniuliza kwa adabu zake za bara, "Samahani kaka Gharib, haya majani yametoka kwenye miti mingapi?" Nikasema mitano. Akasema inawezekana mtu akikata matawi matano ya mti mmoja akayachomeka ardhini, atapata miti mitano ambayo kwa vinasaba ni mmoja. Lakini hapo matunda nayo yangefanana, na fomu yako ina matunda matano ambayo hata hayajuani. Msimamizi wake, mzee wa Kichina mkavu, alisoma fomu, akaangalia mistari, akasema mmoja kati ya mashahidi hawa anadanganya na majani hayana mdomo. Kazi yote ya pwani imewekwa pembeni. Akishindwa kuieleza, sura hiyo ya tasnifu yake inatolewa na mwaka wake mzima umekwenda.

Mimi nilitoka pale nimekwishapata jibu langu. Mama alituongopea. Alichomeka matawi ya mti mmoja, akayapa majina, akatufanya watoto tushindane nani anajua ladha. Watu walitembea kutoka Mkokotoni kufuata Ganda Nene, akawapa kwa sura nzito kama daktari. Unajua nilifanya nini jioni ile? Nilikwenda Xiaobei nikakisimulia kisa kile mezani. Watu wakacheka sana, na mimi nikacheka kuliko wao. Nikamwiga mama anavyosema, "Huu si ule, mwanangu, huu ni mwengine kabisa."

Niambie neno moja tu. Ulichuma miti mitano?

Gharib


Donge, 5 Aprili 2025

Gharib,

Nilichuma. Majani yametoka kiwanjani kwa mama, si pengine.

Mashine ikisema ni mmoja basi ni mmoja, mie nani nibishane na mashine. Mama alikuwa mtu wa maneno, na wewe ulikuwa ukimpenda kwa hayo maneno yake. Mtu mzima akipanda matawi akayapa majina kufurahisha watoto hajamuua mtu. Alikuwa mjane na kiwanja cha mchanga, hakuwa na kitu chengine cha kujivunia. Mwambie huyo msichana aandike hivyo. Kisha tumwache mama apumzike.

Mfungo tumeumaliza salama. Simenti ya ukumbi imepasuka kidogo kwenye kona.

Swalha


Guangzhou, 18 Mei 2025

Swalha,

Sitopokea simu yako. Ukiwa na la kusema andika, nalo nitalisoma siku nitakapojisikia.

Vuai karudi juzi. Tulikuwa tunapakia pamoja, nikamtania, nikamwambia basi na wewe ulikula komamanga la mti mmoja wenye majina matano. Akasema, "Mbona pale kwenu kuna mti mmoja kweli?" Alipokuja kwako mara ya pili aliomba kwenda choo cha uani. Akapita nyuma. Simenti kutoka mlango wa jikoni mpaka ukutani, akasema, safi, unaweza kuanika mpunga. Na nyuma ya choo, kwenye kipembe pale ukuta ulipopinda, mkomamanga mmoja umeinama.

Nyuma ya choo ni Meno. Nimezaliwa pale, usinifundishe.

Kwa hiyo ulichuma majani ya Meno ukayagawa kwenye bahasha tano. Ukaandika jina tofauti juu ya kila moja kwa mwandiko wako mzuri. Ukakaa na kalamu ukatunga uchachu, ukatunga unene wa ganda. Sawa, uongo wa fomu nisingekasirika hivi, watu wanadanganya fomu kila siku, hata mimi nadanganya fomu za forodha. Lakini nilikuandikia kwamba nimemwita mama muongo mbele ya watu. Nilikuuliza neno moja. Na wewe ukakaa, ukaichukua karatasi, ukaandika, "Mama alikuwa mtu wa maneno." Ukamwacha abebe. Marehemu, hana wa kumjibia, umemtwisha uongo wako ukasema tumwache apumzike!

Unanitia kinyaa. Miti minne ya mama umeipeleka wapi, na kwa ruhusa ya nani?

Gharib


Donge, 11 Juni 2025

Gharib,

Kwa ruhusa yako.

Nimekutumia tena ile sauti kwenye simu, isikilize ukiwa peke yako. Kama umeifuta mie sijaifuta, ni ya mwezi wa Aprili mwaka juzi. Wewe ulitaka nyumba ya kisasa kwenye kiwanja cha mama, ukachora ramani ukiwa huko, ukanituma mie kuwasimamia mafundi. Unasema, nakunukuu neno kwa neno maana nimeisikiliza mara nyingi kuliko wewe: "Dada, safisha kiwanja chote, gari la mchanga liingie mpaka nyuma. Sitaki kuona hata kijiti." Nikakuuliza, na mikomamanga je? Ukanijibu huku kuna kelele za makuli nyuma yako, "Dada, nipo Huangpu, kontena linafungwa sasa hivi, fanya kama nilivyokwambia." Fundi Maulid aliisikia, nilimwekea kwa sauti kubwa, nikamwambia haya, mwenye nyumba kasema.

Sasa nikwambie na langu, kwa sababu na mie najichukia na sina wa kumwambia. Ningeweza kukupigia tena siku ya pili. Ningeweza kumwambia Maulid azungushe ukuta. Sikufanya. Mie ndie niliyemwosha mama miezi saba, wewe ukaja siku ya arubaini na mifuko ya zawadi, watu wakakusifu. Nilipoisikia ile sauti nilifurahi, Gharib. Nikasema vizuri, na akate, siku akija atafute komamanga lake aone ameamuru nini. Nilisimama pale mpaka mti wa mwisho ukaanguka. Meno ulibaki kwa kuwa ulikuwa haumo njiani mwa gari.

Kisha hukuja. Mwaka ukapita, hukuja. Ukaleta fomu.

Na kuna jengine kubwa kuliko la fomu. Watu hawakuacha kuja. Akija anayetaka Ganda Nene nampa ganda la Meno. Anayetaka Mkali nampa Meno. Nilianza siku moja kwa aibu ya kusema tumekata, na siku ya pili ikawa nishazoea. Miaka miwili nawapa watu ganda la mti mmoja kwa majina matano. Huyo muongo uliyemcheka mezani ni mie.

Swalha


Guangzhou, 2 Julai 2025

Dada,

Nimeisikiliza. Ni mimi. Nina sauti mbaya kiasi hicho? Mtu anayeulizwa kuhusu miti ya mama yake, anajibu kama anamfukuza mbwa.

Nakuandikia mambo mawili tu.

La kwanza, Jumamosi nilikwenda Xiaobei. Nikangoja mpaka meza ikajaa walewale, nikawaambia mama yangu hakudanganya, mimi ndiye niliyekata miti yake kwa simu ili nijenge, na dada yangu alificha. Nilidhani watacheka. Hakucheka mtu. Mmoja akasukuma sahani akasema, "Na wewe ulimwiga mama yako hapa, tukakuchekea?" Akaondoka. Chakula changu nilikiacha pale, kilikuwa kimepoa kimeganda mafuta, na sikustahiki kukila.

La pili ni la Kissa. Nilimweleza naye, nikamwambia afute Donge kwenye kazi yake. Hakukasirika, na hilo lilinikera zaidi. Akafikiri, kisha akaniuliza, "Kaka, mama yako alikuwa anagawa matawi?" Unakumbuka mtu akija mara ya tatu kuomba ganda? Mama alikuwa akitoka na panga, anakata tawi, anamtupia, "Kachomeke kwako, unipunguzie kupiga hodi." Kissa anasema tawi likishika, mti ule ni uleule, haujabadilika kitu. Kilichokatwa kwetu kinaweza kuwa hai kwenye uwanja wa mtu mwengine. Msimamizi wake amempa mpaka Septemba, na safari hii anataka picha ya kila mti na mtu amesimama karibu yake, na matunda yapimwe kwa mizani.

Utalazimika kuwaambia watu kwa nini unatafuta. Sikuombi. Nakwambia tu kwamba njia ni hiyo.

Gharib


Donge, 24 Agosti 2025

Gharib,

Bahasha ziko kumi na moja. Mizani nimenunua.

Nilidhani nitazunguka kama mtu anayetafuta kuku wake, nachungulia, naomba jani, naondoka. Haikuwa hivyo. Wa kwanza nilimwendea Bi Mwanakhamis, yule wa nyuma ya skuli. Nilipobisha hodi, kabla sijakaa, akaniambia alikuwa anataka kuniuliza kitu. Mwezi wa Shaaban nilimpa maganda, akamchemshia mjukuu, mtoto asipate nafuu, mpaka wakampeleka hospitali akatiwa maji siku mbili. Ananiambia, "Swalha mwanangu, nadhani uzee umenifika, sikuchemsha sawasawa, maana ganda la mama yako halijawahi kuniangusha." Ameishi na hilo tangu Shaaban. Mwanamke wa miaka sabini na kitu anajiona yeye ndiye aliyemzidishia mjukuu wake maradhi.

Nikamwambia. Sikukaa kwenye mkeka, nilimwambia nimesimama. Bi Mwanakhamis, ganda nililokupa halikuwa Ganda Nene. Ganda Nene tumelikata. Nilikupa la Meno.

Hakunitukana, ningependa anitukane. Aliingia ndani, nikasikia anafungua kabati, akatoka na kile kikapu nilichomtilia maganda, bado yamo machache. Akayamwaga miguuni kwangu. Akasema, "Mti uko uani, chuma unachotaka, kisha usipite mlango huu." Na uani kweli Ganda Nene uko, Gharib, mnene, umekwenda juu kuliko nyumba, tawi la mama, lililochomekwa sijui mwaka gani. Alikuwa nao muda wote. Ulikuwa hauzai, ndio akawa anakuja kwangu. Umezaa mwaka huu.

Baada ya hapo nyumba zote zilikuwa nyepesi, maana habari ilinitangulia. Watoto wananiangalia. Mkali nimeupata nyumba tatu. Kibibi nne, huo aligawa kama pipi. Meno mbili, sijui watu hao walimkosea nini. Na mmoja hata wenyewe hawaujui jina.

Mweupe sijaupata. Nimekwenda mpaka Mkokotoni, nimekwenda Chaani, hakuna mtu aliyepewa. Kisha nikakumbuka, na wewe utakumbuka, Mweupe mama hakumpa mtu. Ule ulikuwa wetu.

Mwambie Kissa nasikitika. Bahasha hizi kila moja nimeichuma kwa mkono wangu mbele ya mwenye mti.

Swalha


Guangzhou, 15 Novemba 2025

Dada Swalha,

Shikamoo. Hatujawahi kuonana, lakini nimesoma mwandiko wako mara nyingi mwaka huu kiasi kwamba naona kama tunafahamiana. Kaka Gharib ameniambia nikuandikie mwenyewe, na kwamba nisikwambie kwa maneno ya kupamba.

Sampuli zako kumi na moja zimepimwa mara mbili. Ganda Nene, Mkali na Kibibi ni aina tatu tofauti kabisa, na Meno ni ya nne. Miti mitatu ya Mkali kutoka nyumba tatu ni mmoja kwa vinasaba, maana yake yote ni matawi ya mti mmoja, ule wa marehemu. Vivyo hivyo Kibibi. Ganda Nene haifanani na kitu chochote nilichokusanya, si cha Irani, si cha India, si cha huku. Msimamizi wangu aliiangalia karatasi hiyo muda mrefu, akaenda kujaza chai yake, akarudi akaiangalia tena. Mti ule ambao wenyewe hawaujui jina ni mche uliota kwa mbegu. Mzazi wake mmoja ni Mkali, mwingine sijaujua.

Kwa hiyo nimeandika kwamba kiwanja kimoja cha Donge kilikuwa na aina nne zilizothibitishwa, zilizotunzwa na kugawiwa na mama yenu, Bi Mwanahija, ambaye alizitofautisha kwa ladha na kwa ganda bila kukosea hata moja. Jina lake limo katika maandishi yangu. Nilitaka ulijue hilo.

Kaka Gharib aliniomba sana niandike tano. Nilimkatalia. Dada, naomba unielewe, mti ambao haupo siwezi kuupima, na nisioupima siwezi kuuandika. Fomu yako ya kwanza nimelazimika kuiondoa yote.

Kama wewe na kaka mnakumbuka sawasawa tunda la Mweupe lilivyokuwa, naweza kuweka mstari mmoja chini ya jedwali kwamba familia inashuhudia aina ya tano. Lakini ushahidi wenu uwe mmoja. Msimamizi wangu hatakubali vingine, na ana haki, baada ya yaliyopita.

Ahsante kwa kutembea.

Kissa


Guangzhou, 6 Disemba 2025

Dada,

Kissa ameniambia amekuandikia. Tunapewa mstari mmoja, tuuandike vizuri.

Mweupe naukumbuka kama niliula jana. Ganda jembamba la manjano, hapo uliandika sawa. Punje nyeupe, sawa. Ila uliandika "tamu tupu" na hilo si kweli. Utamu wake ulikuwa na uchachu mdogo mwishoni, unakuja baada ya kumeza. Ndiyo maana mtu hakinai. Andika hivyo, tutie sahihi wote wawili, nimpelekee.

Nimeangalia tiketi za Februari. Sijanunua.

Gharib


Donge, 4 Januari 2026

Gharib,

Barua yako nimekaa nayo wiki tatu.

Nilipoandika "tamu tupu" kwenye fomu ile ya uongo sikuwa nafikiri, nilikuwa najaza. Basi safari hii nimefikiri. Nimekaa uani juu ya simenti yako, nimefumba macho, nimejaribu kuutafuna. Na kila nikiutafuna naupata utamu, mwanzo utamu na mwisho utamu, uchachu siuoni. Uchachu ule wa mwisho naona ni wa Kibibi, wewe umeuchanganya, ulikuwa mdogo. Au mie ndio nimesahau, kwa kuandika uongo nikauamini mwenyewe. Hilo nalo linanitia kinyaa, kwamba siwezi kujua.

Nilimwendea Bi Mwanakhamis, nikasimama nje ya mlango, nikamuuliza kwa mbali kama aliwahi kuuonja. Akasema hajapata. Nimewauliza wote. Hakuna aliyewahi kuuonja isipokuwa mie, wewe na mama.

Kwa hiyo siwezi kutia sahihi uchachu wako, na wewe najua hutotia sahihi utamu wangu. Nilitaka kukwambia haya, tuandike lolote tukubaliane, mstari upatikane, mama apate wa tano wake. Nikaishika kalamu. Kisha nikaona ndivyo nilivyoanza.

Mwambie Kissa abakishe nne. Sisi wawili tunabishana, na wa kutuamua tumemkata.

Dada yako,
Swalha